Moshi wa Asubuhi, Sumu ya Alasiri

  

Siku chache zilizopita mama mmoja alinijia na swali lililonifanya nibadilishe mada niliyokuwa nimeitayarisha. Alisema hivi: "Daktari, mwanangu ana miaka kumi na mmoja na ana ugonjwa wa pumu. Asubuhi tunapanda matatu pamoja, tunakaa kwenye msongamano wa magari karibu saa nzima, moshi mweusi unaingia dirishani, na yeye hana neno. Lakini ikifika saa tisa alasiri, wakati wa michezo, uwanjani ambapo hakuna gari hata moja, kifua kinambana na anaanza kukohoa. Nimeondoa blanketi la sufu. Paka nimempa jirani. Sakafu napiga deki kila siku. Sasa mwalimu anasema mtoto anatega, hataki kukimbia. Je, mwanangu ananidanganya?"

Nilimwambia mama huyo kwamba huenda mwanawe anasema kweli tupu. Pumu ina vichochezi vingi: vumbi, chavua ya maua, baridi, mafua, hata kukimbia kwenyewe. Lakini kuna kichochezi kimoja ambacho wengi wetu hatukijui. Hakionekani kwa macho, wala hakitoki moja kwa moja kwenye ekzosi ya gari au bomba la kiwanda. Hupikwa hewani, juu ya vichwa vyetu, na moto wake ni jua. Kinaitwa ozoni.

Ozoni ni kitu gani?

Pengine jina hili umewahi kulisikia. Shuleni tulifundishwa kwamba juu angani kuna tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Hiyo ni kweli. Sehemu kubwa ya tabaka hilo iko kiasi cha kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, na bila hilo ngozi na macho yetu yangeungua. Ndiyo sababu mwaka wa 1987 mataifa yaliafikiana Mkataba wa Montreal, ili kukomesha kemikali zilizokuwa zikiliharibu.

Sasa utaniuliza, ikiwa ozoni hutulinda, mbona leo naiita sumu? Msikilizaji, mafuta taa yakiwa ndani ya taa hutupa mwanga. Yakimwagika kwenye uji wa mtoto ni hatari. Mafuta ni yale yale, ila mahali ndipo palipobadilika. Ozoni nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa juu kabisa ni ngao yetu. Ikiwa hapa chini, tunapovuta pumzi, ni adui wa mapafu.

Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu, na hiyo ya tatu haitulii. Hutafuta kitu cha kukirukia, na ikikipata hukila polepole, kama kutu inavyokula mabati.

Huenda umewahi kuinusa bila kujua. Ukipita karibu na fundi wa kuchomelea vyuma, au ukisimama penye mashine ya fotokopi iliyofanya kazi mfululizo katika chumba kidogo, utasikia harufu kali inayowasha pua. Sehemu ya harufu hiyo ni ozoni. Mwanakemia Christian Friedrich Schönbein, aliyefundisha mjini Basel, Uswisi, aliitambua kwa harufu hiyo mwaka wa 1839, akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka. Lakini katika hewa ya mji, ozoni huweza kudhuru kifua ingawa pua haijasikia chochote.

Vitu vitatu ndani ya chungu

Ili upate ugali unahitaji unga, maji na moto. Ukikosa kimoja hakuna ugali. Ozoni ya mjini pia huhitaji vitu vitatu.

Cha kwanza ni gesi zinazoitwa oksaidi za naitrojeni. Injini inapochoma mafuta kwa joto kali, naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani huungana na kutoka pamoja na moshi. Magari, malori, pikipiki na jenereta zote hutoa gesi hizi.

Cha pili ni mivuke. Hapa nazungumzia kemikali zenye kaboni ambazo hugeuka kuwa mvuke upesi hata bila kutiwa motoni. Petroli ni mojawapo. Thina ya kuyeyushia rangi ni nyingine. Vanishi, gundi ya viatu, mafuta taa, rangi ya kucha na dawa za kupulizia wadudu zina kemikali za aina hii, na gesi ya kupikia inayovuja nayo imo. Kila unaposikia harufu ya vitu hivyo, jua kwamba mvuke wake tayari uko hewani. Moshi wa takataka zinazochomwa pia una mivuke mingi.

Cha tatu ni jua, tena jua la kutosha.

Sasa hebu tuifuatilie siku moja jijini Nairobi. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi magari hufurika Thika Road, Jogoo Road na Mombasa Road. Oksaidi za naitrojeni na mivuke hujaa hewani, yaani unga na maji tayari viko chunguni. Jua likipanda, moto unakolezwa. Upishi huu huchukua saa kadhaa. Kwa kawaida ozoni huanza kuongezeka kabla ya adhuhuri na hufikia kilele mchana au alasiri, mnamo saa saba hadi saa kumi hivi. Jua likitua hupungua. Siku yenye jua kali na upepo hafifu ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu hakuna cha kuipeperusha.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Moshi mbichi unaotoka kwenye ekzosi una gesi inayoila ozoni. Kwa hivyo kando ya barabara yenye magari mengi, ozoni yaweza kuwa kidogo kuliko mtaani, mbali na barabara. Hewa ya mji husukumwa na upepo huku ikiendelea kupikwa njiani, na sumu inaiva ikiwa imefika pengine, palipo na miti na nyumba chache, ambapo watu hudhani hewa ni safi. Nairobi upepo huvuma mara nyingi kutoka upande wa mashariki, na kwa hivyo hewa ya katikati ya jiji huelekea pande za Dagoretti, Kikuyu na Ngong.

Nadhani sasa umeona jinsi swali la yule mama linavyoweza kujibika. Asubuhi penye magari moshi upo, lakini ozoni bado haijaiva. Alasiri uwanjani moshi hauonekani, lakini huenda ozoni imeshaiva. Naye mtoto anayekimbia huvuta hewa nyingi zaidi, tena kwa mdomo, na kuipeleka ndani kabisa ya mapafu.

Sikuambii haya ili uudharau moshi. Moshi na vumbi laini bado ni hatari kubwa sana katika miji yetu. Nasema tu kwamba usipoona moshi, usidhani hewa ni safi.

Funzo kutoka Los Angeles

Siri hii iliwatatiza watu kwa miaka. Mnamo Julai 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ukungu wa ajabu uliufunika mji wa Los Angeles nchini Marekani. Macho yaliwasha, makoo yakakereka, na watu hawakuweza kuona mbali. Wengine walidhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi ya sumu. Baadaye lawama ziliangukia kiwanda kimoja kilichotengeneza kemikali ya mpira bandia. Kiwanda kikafungwa kwa muda. Ukungu ukarudi vile vile.

Aliyefumbua fumbo hilo ni mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ambaye kazi yake kabla ya hapo ilikuwa kuchunguza kinacholipa nanasi harufu yake tamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mivuke ya petroli na moshi wa magari, vikiachwa juani, hutengeneza ozoni. Ushahidi mmoja ulikuwa wa kawaida kabisa: mpira. Katika mji ule mipira na matairi yalikuwa yakipasuka nyufa mapema kuliko kwingine, kwa sababu ozoni hula mpira. Haagen-Smit na wenzake walitumia vipande vya mpira uliokunjwa kupimia ozoni: kadiri nyufa zilivyotokea upesi, ndivyo ozoni ilivyokuwa nyingi.

Wenye magari na wenye kampuni za mafuta hawakufurahia habari hizo. Kumlaumu jirani mwenye kiwanda kulikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba kosa limo ndani ya tangi la kila mmoja. Lakini hatimaye hatua zilichukuliwa. Mwaka wa 1957 uchomaji wa takataka nyuma ya nyumba ulipigwa marufuku mjini humo. Kuanzia magari ya mwaka wa 1975, Marekani ilianza kufunga kwenye ekzosi kifaa cha kusafishia moshi. Vituo vya petroli navyo vikawekewa pampu zinazorudisha mvuke badala ya kuuachilia. Los Angeles bado ina tatizo la ozoni hadi leo, lakini viwango vya juu kabisa vimeshuka hadi chini ya nusu ya vile vya miaka ya 1950, ingawa magari yameongezeka mno. Kwa hivyo msikilizaji, tatizo hili lina dawa.

Pengine mfano ulio karibu zaidi nasi ni Mexico City. Mji huo uko juu milimani, kiasi cha mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na una jua kali kama letu. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700. Mwaka wa 1995 wanasayansi Donald Blake na Sherwood Rowland walieleza kwamba sehemu kubwa ya mivuke iliyokuwa ikipika ozoni mjini Mexico City ilikuwa gesi ya kupikia, iliyovuja kidogo kidogo kutoka mitungi na mabomba ya nyumba nyingi. Mwezi wa Machi 2016 ozoni ilipanda mno hata serikali ikatangaza tahadhari. Magari mengi yalizuiwa kuingia barabarani, na watu wakashauriwa wasifanye mazoezi nje.

Hapa kwetu ozoni si jambo geni kwa wataalamu. Tangu miaka ya 1990, kutoka kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, puto zimekuwa zikirushwa zikiwa na chombo cha kupima ozoni kuanzia ardhini hadi juu sana angani. Lakini vituo vya kupima hewa ya mitaani, pale anapopumua muuza mboga na mtoto wa shule, ni vichache ukilinganisha na ukubwa wa miji yetu.

Ikiingia mapafuni

Ozoni haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hivyo haizuiliwi na unyevu wa pua na koo. Hupita ikafika hadi kwenye njia ndogo kabisa za mapafu. Huko huanza kuishambulia ngozi laini ya ndani, kama inavyoushambulia mpira wa tairi. Njia za hewa huvimba na kubana. Utasikia koo likikereka, kikohozi kikavu, na maumivu ya kifua ukivuta pumzi ndefu. Mwenye pumu huweza kupatwa na shambulio siku hiyo hiyo au siku inayofuata.

Walio hatarini zaidi ni watoto, kwa sababu mapafu yao bado yanakua na huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wao. Wengine ni wenye pumu na magonjwa mengine ya mapafu, wazee, na wale wanaofanya kazi nzito nje wakati wa mchana: wajenzi, wachuuzi, wasukuma mikokoteni, askari wa trafiki, waendesha bodaboda, na hata wanariadha wetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2005 na tena ule wa 2021, linapendekeza kwamba ozoni isizidi mikrogramu 100 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa nane.

Mimea nayo huumia. Majani ya maharagwe na ngano hupata madoa na mavuno hupungua. Kwa hivyo hata mkulima aliye nje ya mji ana haki ya kuuliza mjini wanafanya nini.

Mivuke yenyewe pia haina huruma. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Mivuke ya thina na gundi huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na ikivutwa kwa miaka mingi huharibu ubongo na neva. Watoto wa mitaani wanaovuta gundi chupani wanajiumiza vibaya kuliko wanavyojua.

Hapa niondoe imani mbili zinazopotosha. Ya kwanza ni ya maziwa. Mafundi wengi wa kupiga rangi huambiwa wanywe maziwa baada ya kazi ili yaondoe sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Mvuke umeingia mapafuni na kupita kwenye damu, na maziwa hayaufuati huko. Ya pili ni ya kitambaa puani. Leso, na hata barakoa ya hospitali, hupunguza vumbi, lakini gesi hupita. Fundi wa rangi anahitaji barakoa maalum yenye kichujio cha mkaa, na hewa ya kutosha mahali pa kazi.

Wewe ufanye nini?

Kwa kuwa ozoni ina mapishi yake, tunaweza kuinyima viungo. Jua hatuwezi kulizima, wala hatungependa. Lakini mvuke twaweza kuufunika, na moshi twaweza kuupunguza.

Anza na vifuniko. Thina, rangi, vanishi, gundi na petroli vifungwe mara tu unapomaliza kuvitumia. Fundi anayeacha mkebe wa thina wazi kutwa nzima anapoteza pesa zake, anajidhuru mapafu na kumpa jirani ozoni. Usinawe mikono kwa petroli ili kuondoa grisi. Sabuni na maji moto vitafanya kazi hiyo, hata kama ni polepole. Unaponunua rangi ya nyumba, ile ya kuchanganywa na maji ina mivuke michache kuliko ile ya mafuta.

Usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ikiingia mapafuni, hata kidogo tu, huweza kuua. Mtu akimeza petroli au mafuta taa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitalini. Na tafadhali, usiweke mafuta hayo katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma harufu.

Dereva, jaza tangi asubuhi na mapema au jioni jua likiwa limepoa, na pampu ikijifunga yenyewe usimwambie mhudumu aongeze ili kufikisha hesabu. Hakikisha kifuniko cha tangi kinabana. Zima injini unaposubiri abiria. Na makanika akikushawishi aking'oe kile kifaa cha kusafishia moshi ili akiuze kwa ajili ya madini yaliyomo, kataa. Zamani kifaa hicho kingeharibiwa na risasi iliyokuwa katika petroli, lakini Kenya iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka wa 2006. Siku hizi kinafanya kazi, kiache mahali pake.

Mama na baba wa nyumbani, gesi ya kupikia ni bora kuliko kuni, makaa na mafuta taa, kwa kuwa haijazi moshi jikoni. Ila isivuje. Paka povu la sabuni kwenye kiungo cha mtungi na mpira wake. Ukiona mapovu yanafura, gesi inatoka. Funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala taa, na umwite anayejua.

Takataka zisichomwe. Mabaki ya chakula na majani yafanywe mboji, na plastiki ikusanywe. Najua utasema kaunti haijaleta gari la taka wiki tatu. Hilo nalo ni la kudai, na nitalifikia sasa hivi.

Usinunue ovyo mashine zinazotangazwa kuwa zinasafisha hewa ya gari au nyumba kwa kutoa ozoni. Umesikia leo ozoni ni nini. Wala usikimbilie shoka kwa kuwa umesikia kwamba mikaratusi hutoa mivuke yake ya asili. Ni kweli hutoa, lakini moshi wa injini usipokuwepo mivuke hiyo haipiki ozoni ya kutudhuru. Tuanze na injini na mikebe.

Pia tunayo haki ya kudai. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kanuni za ubora wa hewa zilizotolewa mwaka wa 2014 chini ya sheria ya mazingira ziliweka mipaka ya uchafuzi. Ikiwa gereji inapuliza rangi mlangoni pako, au taka zinachomwa karibu na shule, zungumza na wenyewe kwanza kwa upole. Wasiposikia, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti au katika ofisi ya NEMA. Enda na majirani. Sauti ya mmoja hupuuzwa upesi.

Na yule mtoto?

Nilimshauri mama mambo matatu. Kwanza, ampeleke mtoto kliniki akapimwe upya, kwa sababu pumu inayobana kila wiki ni pumu ambayo haijadhibitiwa, hata kama kichochezi ni ozoni. Huenda anahitaji dawa ya kuvuta kila siku, si ile ya dharura peke yake. Pili, aandike katika daftari siku na saa ambayo kifua kinabana, jua lilikuwaje na mtoto alikuwa akifanya nini. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Tatu, aende kumwona mwalimu, na mtoto awe na pampu yake ya dawa mfukoni, isifungiwe ofisini.

Mwalimu unayenisikiliza, nakuomba nawe. Siku za jua kali lisilo na upepo, michezo mizito ya kukimbia ifanywe asubuhi, mbali na barabara, na alasiri iwe ya mazoezi mepesi. Mtoto akisema kifua kinabana, mwamini kwanza. Mpumzishe kivulini, mpe dawa yake. Akiwa anapumua kwa shida hata baada ya dawa, au hawezi kumaliza sentensi moja, au midomo inageuka rangi, hapo hakuna kusubiri mzazi. Ni hospitali mara moja.

Kabla sijakuaga, tukumbuke haya:

1. Ozoni ya juu angani hutulinda, ile ya chini hudhuru mapafu.
2. Hupikwa kwa moshi wa injini, mivuke na jua, na huwa nyingi zaidi mchana na alasiri.
3. Yaweza kuwa nyingi hata mahali pasipo na magari wala moshi.
4. Maziwa hayaondoi mvuke mwilini, na leso haizuii gesi.
5. Funika mikebe, ziba mitungi, zima injini, usichome taka.
6. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu, na apimwe mara kwa mara.

Msikilizaji, leo jioni kabla ya kulala hebu zunguka nyumbani au kazini kwako uangalie ni mkebe gani uko wazi. Ufunike. Ni kazi ya dakika moja, na kesho alasiri kuna mtoto mahali fulani atakayekuwa akikimbia uwanjani.

Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema. Kwaheri.